Kosa la Mlinzi na Jicho la Mwamuzi

Msomaji, twende kwanza katika mji wa Edmonton, nchi ya Kanada, usiku wa tarehe 30 Aprili 1986. Timu ya wenyeji, Edmonton Oilers, ilikuwa imechukua Kikombe cha Stanley mara mbili mfululizo, mwaka 1984 na mwaka 1985, na watu wengi waliamini kwamba hapakuwa na wa kuizuia isikichukue mara ya tatu. Katika msimu ule ilikuwa imefunga mabao 426, na nahodha wake, Wayne Gretzky, alikuwa amekusanya pointi 215, yaani mabao 52 aliyoyafunga mwenyewe na pasi 163 zilizozaa mabao ya wenzake. Idadi hiyo haijafikiwa na mchezaji mwingine hata leo. Wapinzani walikuwa majirani zao wa Calgary. Timu hizi mbili zilikuwa zimekwisha kupambana mara sita, kila moja ikashinda mara tatu, na usiku ule ulikuwa usiku wa mchezo wa saba, ambao atakayeshindwa hufungasha mizigo yake mpaka mwaka wa pili.

Kipindi cha tatu kilikuwa kimekwenda dakika 5 na sekunde 14, na mabao yalikuwa 2 kwa 2. Mlinzi mmoja kijana wa Edmonton, Steve Smith, mzaliwa wa Glasgow, aliyekuwa akitimiza umri wa miaka 23 siku ile ile, alikichukua kisahani nyuma ya lango lake mwenyewe. Alitaka kukipeleka upande wa pili wa uwanja, akakipiga kwa nguvu kupitia mbele ya lango. Kisahani kikagonga mguu wa kushoto wa Grant Fuhr, mlinda lango wa timu yake, kikageuka, kikaingia wavuni. Smith alianguka kifudifudi juu ya barafu akauficha uso wake. Calgary wakashinda 3 kwa 2.

Waandishi wa michezo wameisimulia habari hii mara nyingi, na karibu wote huisimulia kwa namna moja: kwamba kijana mmoja, kwa pigo moja la gongo, aliinyang'anya timu yake kikombe. Nami naomba ruhusa yako, msomaji, niipinge kidogo simulizi hiyo. Sisemi kwamba Smith hakukosa. Alikosa, na kosa lake ni la wazi. Ninalouliza ni kama sisi watazamaji twayapima makosa ya mchezo kwa mizani iliyo sawa, na kama mizani yetu haipindi zaidi pale tunapotafuta wa kumlaumu kati ya mlinzi na mwamuzi.

Labda hujapata kuuona mchezo wenyewe, basi yafaa nikueleze. Hoki ya barafuni ni ndugu wa mpira wa magongo tuuchezao majanini, ila wachezaji huvaa viatu vyenye visu vya chuma na kuteleza badala ya kukimbia, na mahali pa mpira pana kisahani cha mpira mgumu, upana wake inchi 3, unene wake inchi 1. Uwanja una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, nao umezungushiwa ukuta wa mbao, hata kisahani hakitoki nje kwa urahisi bali hurudi mchezoni. Kila upande una watu sita: mlinda lango, walinzi wawili, na washambuliaji watatu. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Mchezaji akivunja sheria hupelekwa kibandani, akaketi humo dakika mbili au tano kwa kadiri ya ubaya wa kosa lake, na timu yake hucheza na upungufu wa mtu mmoja. Kwa adhabu ya dakika mbili, wapinzani wakifunga bao mfungwa hutoka. Kwa adhabu ya dakika tano hatoki, hata wakifunga mabao mangapi. Likumbuke neno hili, kwa sababu tutalihitaji huko mbele.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2005 kilifunguliwa kiwanja cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, katika barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions. Kiwanja hicho ni kidogo, nacho hakikujengwa kwa ajili ya mashindano. Walakini aliyepata kusimama pembeni mwake na kusikia mlio wa visu juu ya barafu hatashangaa nikimwambia kwamba mlinzi hana nafasi ya kufikiri mara mbili.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwanza ambayo watazamaji huisahau. Mshambuliaji akikosea, kosa lake hufa mahali pale pale. Akipiga pembeni ya lango, watu huguna, kisahani hugonga ubao, na mchezo huendelea. Akipoteza kisahani mbele ya lango la adui, nyuma yake wako wenzake wanne na mlinda lango wa kulifidia kosa lile. Lakini mlinzi akikosea, nyuma yake yupo mtu mmoja tu, na mara nyingine hayupo hata huyo. Kwa hiyo mtu aweza kutazama mchezo mzima, akaona makosa ishirini ya washambuliaji asikumbuke hata moja, akaona kosa moja la mlinzi akalisimulia kwa wajukuu.

Tena makosa mengi ya ulinzi si yale yaonekanayo. Mlinzi aliyefunzwa vizuri hutazama kifua cha adui wala si kisahani, kwa sababu kisahani hudanganya lakini kifua hakiwezi kwenda mahali ambako mwenyewe haendi. Mlinzi asiyefunzwa hukitazama kisahani, akapitwa. Yuko mwingine asogeaye mbele katika mstari wa buluu wa adui ili kukizuia kisahani kisitoke. Akikipata husifiwa kwa ushujaa, akikikosa, maadui wawili humwacha nyuma na kumwendea mlinda lango kwa kasi. Yuko arudiye nyuma upesi mno, akimpa mshambuliaji uwanja wa kutosha kuchagua pigo lake. Wa mwisho huyu ndiye ninayemlaumu kuliko wote, naye ndiye asiyelaumiwa na mtu, kwa kuwa bao likiingia watu humtazama mlinda lango.

Liko hata kosa la ulinzi lisilofanywa na mlinzi wala na mlinda lango. Wachezaji wa hoki hupishana barafuni bila mchezo kusimama, kila kundi likicheza kwa kawaida chini ya dakika moja kisha likipumzika. Tarehe 10 Mei 1979, katika mchezo wa saba wa nusu fainali, Boston walikuwa wakiwaongoza Montreal 4 kwa 3, zikiwa zimesalia dakika 2 na sekunde 34. Katika kupishana kwao wakajikuta wamezidi barafuni. Mwamuzi wa mistari John D'Amico akawaona, akaashiria. Boston wakacheza na upungufu, Guy Lafleur akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Yvon Lambert akawafungia Montreal bao la ushindi. Hapo nani alikosa? Mwamuzi aliihesabu idadi ya watu, akaikuta imezidi. Don Cherry, aliyekuwa mwalimu wa Boston, alikiri kuwa lawama ni yake, na kukiri huko kulimpa heshima. Msimu uliofuata hakuwa tena na Boston.

Sasa turudi kwa Smith. Kupiga kisahani kupita mbele ya lango lako ni jambo ambalo kila mtoto wa Kanada hukatazwa tangu siku ya kwanza avaapo viatu vya barafu, sawa na mtoto wa pwani anavyokatazwa kusimama ngalawani. Kwa hiyo alistahili kukemewa. Lakini itazame saa. Bao lile lilipoingia zilikuwa zimesalia dakika 14 na sekunde 46. Timu iliyofunga mabao 426 kwa msimu mmoja, yenye Gretzky na Messier na Kurri na Coffey, ilikuwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake, nayo ilihitaji bao moja tu la kusawazisha. Haikulipata. Kosa la Smith lilichukua sekunde moja. Kushindwa kwa wale mabingwa kulichukua karibu robo saa, wala hakuna aandikaye juu ya robo saa ile.

Mtu atasema: ndiyo, lakini bila kosa lile wasingalihitaji kusawazisha. Ni kweli, wala sina jibu la kumnyamazisha. Ninalosema ni kwamba hoja hiyo hiyo, ikipelekwa kwa mwamuzi, hutumiwa kwa ukali mkubwa zaidi, na huko hutumiwa vibaya.

Chukua mwaka 1993. Timu ya Toronto Maple Leafs, ambayo ilikuwa haijachukua kikombe tangu 1967, ilikuwa imewashinda Los Angeles michezo mitatu kwa miwili. Ushindi mmoja tu ungewaingiza fainali. Mchezo wa sita ulichezwa Los Angeles tarehe 27 Mei, ukaingia muda wa nyongeza kwa 4 kwa 4. Mwanzoni mwa muda huo gongo la Gretzky, aliyekuwa amekwisha hamia Los Angeles, lilipanda juu likamchana kidevu Doug Gilmour wa Toronto, damu ikatoka. Siku zile uwanja ulikuwa na mwamuzi mmoja mwenye mamlaka ya kuadhibu, na wawili wa mistari waliomsaidia. Mwamuzi huyo, Kerry Fraser, hakuliona tendo lenyewe. Aliwauliza wenzake wa mistari; hawakuweza kumsaidia. Adhabu haikutolewa. Muda mfupi baadaye, Gretzky yule yule, ambaye alipaswa kuwa amekaa kibandani, akafunga bao la ushindi.

Mwamuzi alikosa, na baadaye yeye mwenyewe alikiri bila kujitetea. Huko Toronto wako watu wazima ambao hata leo ukilitaja jina la Fraser nyuso zao hubadilika. Lakini yako mambo mawili ambayo watu hao hawapendi kuyataja. La kwanza ni kwamba Los Angeles walikuwa na mtu mmoja zaidi barafuni katika muda ule wa nyongeza kwa sababu mchezaji wa Toronto, Glenn Anderson, alimsukumiza adui ubaoni sekunde chache tu kabla ya muda wa kawaida kwisha, tendo lisilo na faida yoyote kwa timu yake. La pili ni kwamba ulikuwapo mchezo wa saba, nao ulichezwa Toronto kwenyewe. Gretzky akafunga mabao matatu, na Los Angeles wakashinda 5 kwa 4. Hakuna mwamuzi aliyewaagiza walinzi wa Toronto wamwache mchezaji mkubwa kuliko wote afunge mara tatu nyumbani mwao.

Ningependa ufikiri juu ya hali ya yule mwamuzi. Mbele yake yuko mtu anayetoka damu. Watu elfu nyingi wanapiga kelele. Yeye hakuona. Je, amwadhibu mtu kwa tendo ambalo hakulishuhudia, kwa kuwa tu damu ipo na gongo lilikuwa karibu? Au aliache, akijua moyoni kwamba yumkini haki inapotea? Mimi naona alichagua njia iliyo sahihi, ingawa ilimfikisha mahali pabaya. Kama hukubaliani nami, ngoja mpaka tufike mwaka 2019.

Kabla ya hapo, tukae bado katika mwaka ule ule wa 1993, kwa maana siku saba tu baadaye mwamuzi huyo huyo alijikuta katika jambo la kinyume kabisa. Los Angeles walikwenda Montreal kucheza fainali, wakashinda mchezo wa kwanza. Katika mchezo wa pili, tarehe 3 Juni, walikuwa wakiongoza 2 kwa 1, na ilikuwa imebaki dakika 1 na sekunde 45. Hapo mwalimu wa Montreal, Jacques Demers, alimwomba mwamuzi apime gongo la mlinzi wa Los Angeles, Marty McSorley. Sheria ya siku zile iliruhusu ubapa wa gongo upinde nusu inchi tu. Fraser akalichukua gongo, akalipima, akalikuta limezidi. McSorley akapelekwa kibandani dakika mbili.

Demers hakubahatisha bure. Kama gongo lingekutwa halali, adhabu ingeirudia timu yake mwenyewe. Kisha akaongeza ujasiri wa pili: akamtoa mlinda lango wake, Patrick Roy, apate watu sita dhidi ya wanne. Mlinzi wa Montreal, Eric Desjardins, akasawazisha, na baada ya sekunde 51 za muda wa nyongeza akafunga tena, likiwa bao lake la tatu usiku ule. Hakuna mlinzi aliyepata kufunga matatu katika mchezo mmoja wa fainali kabla yake. Montreal walishinda na michezo mitatu iliyofuata, wakalichukua kombe.

Wapo waliomwita Demers mtu wa hila, kwa kuwa aliomba msaada wa kipimo badala ya kushinda kwa mchezo. Siwaelewi watu hawa. Gongo lilikuwa mikononi mwa McSorley. Alilichagua mwenyewe, akaingia nalo barafuni katika dakika za mwisho za mchezo wa fainali, timu yake ikiongoza kwa bao moja. Hili, kwa maoni yangu, ni kosa la ulinzi kubwa kuliko la Smith, kwa sababu Smith alikosea katika kutenda kazi yake, kwa haraka, kisahani kikiwa kwenye gongo lake. McSorley alikosea mapema, akiwa hana haraka yoyote. Na bado, uliza watu kumi wapendao mchezo huu ni nani aliyekosa vibaya zaidi kati ya walinzi wote: wengi watakutajia Smith. Kisahani kilichoingia wavuni kinaonekana. Ubapa wa gongo uliozidi kidogo hauonekani.

Sasa tufike San Jose, tarehe 23 Aprili 2019. Vegas walikuwa wakiongoza 3 kwa 0 katika mchezo wa saba wa raundi ya kwanza, zikiwa zimesalia dakika 10 na sekunde 47. Baada ya kisahani kudondoshwa, Cody Eakin wa Vegas alimsukuma nahodha wa San Jose, Joe Pavelski, kifuani kwa gongo. Pavelski akayumba, akagongana na mchezaji mwingine wa Vegas, akaanguka, kichwa chake kikapiga barafu, damu ikatoka. Waamuzi sasa walikuwa wawili, kwa maana Ligi ya Taifa ya Hoki, iitwayo NHL, ilikuwa imeongeza mwamuzi wa pili kidogo kidogo kuanzia msimu wa 1998. Wakashauriana. Wakatoa hukumu: dakika tano, na Eakin atoke mchezoni.

Unaona, msomaji, jinsi jambo lilivyogeuka? Mwaka 1993 mwamuzi aliiona damu, hakuliona tendo, hakuadhibu. Mwaka 2019 waamuzi waliiona damu, wakalipima tendo kwa damu hiyo. Msukumo wenyewe ulikuwa wa aina ionekanayo mara nyingi katika kila mchezo. Pengine ulistahili dakika mbili. Uliofanya jeraha ni ule mfuatano wa bahati mbaya baada yake. Hukumu ilikuwa mbaya. Meneja mkuu wa Vegas alieleza baadaye kwamba Ligi ilimpigia simu kuomba radhi. Waamuzi wale wawili hawakupangwa katika raundi iliyofuata. Na kabla ya msimu mpya kuanza, sheria ilibadilishwa ili mwamuzi atoaye adhabu ya dakika tano aitazame tena picha na kuweza kuipunguza.

San Jose wakafunga mabao manne katika adhabu ile moja, yote kwa muda wa dakika 4 na sekunde 1. Logan Couture alifunga mawili, Tomas Hertl moja, Kevin Labanc moja. Vegas wakajikaza, wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 47, lakini katika muda wa nyongeza Barclay Goodrow akawamaliza, 5 kwa 4.

Hapa ndipo mhakiki atakiwapo kusema neno lisilopendeza. Hukumu ile iliwapa San Jose dakika tano za kucheza na mtu mmoja zaidi. Haikuwapa bao hata moja. Timu zilizoadhibiwa katika hoki hujilinda mara nyingi zaidi kuliko zinavyofungwa, na kufungwa mara nne katika adhabu moja ni jambo la nadra mno. Watu wanne wa Vegas walirudi wakajikusanya karibu mno na lango lao, wakatazama kisahani kikizunguka, na kila bao lilipoingia wakawa kama watu waliokwisha pigwa na jingine lijalo. Na ukitaka kuwa mkali zaidi, rudi siku mbili nyuma. Vegas walikuwa wameongoza mfululizo ule kwa michezo mitatu kwa mmoja. Katika mchezo wa sita, nyumbani kwao, katika muda wa nyongeza wa pili, San Jose ndio waliokuwa wameadhibiwa, na Vegas ndio waliokuwa na mtu mmoja zaidi. Hertl akakimbia peke yake akawafunga. Timu iliyo na watu wengi ikafungwa na timu iliyo na watu wachache, na mfululizo ambao ungeweza kwisha usiku ule ukasogea mpaka San Jose, mpaka kwa Eakin na Pavelski na waamuzi wawili waliotishwa na damu.

Sitaki uniambie kwamba nawatetea waamuzi kila mahali. Liko jambo ambalo siwezi kulitetea, nalo si kosa la jicho bali ni kosa la desturi. Katika NHL imekuwapo kwa miaka mingi desturi ya mwamuzi kumeza filimbi yake mchezo unapokaribia mwisho au mashindano yanapokuwa makubwa, kwa hoja kwamba mechi iamuliwe na wachezaji. Hoja hii husikika kuwa ya busara, lakini ichunguze. Mlinzi aliyepitwa huwa na njia mbili: amwache adui aende, au amshike shati, amkwae mguu, amzuie kwa gongo. Katika kipindi cha kwanza njia ya pili ina malipo yake. Katika kipindi cha tatu, mwamuzi akinyamaza, haina malipo, na mlinzi dhaifu hulingana na mlinzi hodari. Asiyeadhibu naye ameamua mechi, ila ameiamua kwa faida ya aliyekosa.

Iko na ndugu ya desturi hiyo, yaani kusawazisha: mwamuzi akiwa ameadhibu upande huu mara mbili, hutafuta kosa la upande ule. Watu waliishuku kwa muda mrefu, na Ligi haikupenda kuizungumza. Tarehe 23 Machi 2021, Nashville ikicheza na Detroit, sauti ya mwamuzi Tim Peel ilinaswa na chombo cha matangazo, akisikika akisema kwamba adhabu aliyotoa haikuwa na uzito, lakini alikuwa akitaka kuiadhibu Nashville mapema mchezoni. Kesho yake Ligi ikatangaza kwamba hataamua tena michezo yake. Alikuwa karibu kustaafu kwa hiari yake. Nakiri kwamba nilipoisoma habari hiyo nilimhurumia kidogo, si kwa kuwa alitenda haki, bali kwa sababu sidhani alikuwa peke yake, na kumfukuza mwenye sauti iliyosikika ni rahisi kuliko kuichunguza desturi.

Je, picha zitatuokoa? Mwezi wa Mei 1993 hapakuwa na la kufanya. Mwezi wa Februari 2013, wakati Matt Duchene wa Colorado alipofunga dhidi ya Nashville akiwa ameotea kwa umbali ambao hata mtoto angeuona, bado hapakuwa na njia ya kulifuta bao lile. Tangu msimu wa 2015 mwalimu wa timu aweza kudai picha zitazamwe. Basi watu walifikiri ubishi umekwisha. Badala yake, mabao mazuri yakaanza kufutwa kwa sababu kisu cha kiatu kilikuwa kimeinuka juu ya mstari wa buluu bila kuugusa, hata mwaka 2020 sheria ikabidi ilegezwe, mguu uhesabiwe hata ukiwa hewani juu ya mstari. Picha huona unywele usioonekana kwa jicho; lakini haiulizi kama unywele huo ulimsaidia mshambuliaji, wala haitazami alikokuwa mlinzi wakati huo. Mara nyingi alikuwa amesimama, ameinua mkono kumwashiria mwamuzi wa mistari, na adui akimpita.

Nimekuahidi kwamba nitarudi kwa Smith. Tarehe 31 Mei 1987, mwaka mmoja baada ya aibu yake, Edmonton waliwashinda Philadelphia 3 kwa 1 katika mchezo wa saba wa fainali, wakakipata tena kikombe. Gretzky, aliye nahodha, alikipokea, na mtu wa kwanza aliyemkabidhi alikuwa Steve Smith, akakiinua juu ya kichwa. Picha ya tendo hilo ilipendwa sana, nayo yastahili kupendwa, ingawa wapo waliotaka kuigeuza iwe hati ya msamaha, kana kwamba mlinzi yule alikuwa na deni ambalo wale wengine walioshindwa kufunga kwa robo saa hawakuwa nalo. Smith aliendelea kucheza miaka mingi, akakipata kikombe tena mwaka 1988 na mwaka 1990.

Na katika vitabu vya Ligi, lile bao la 1986 halikuandikwa kwa jina lake. Hoki haina mfungaji wa bao la kujifunga. Bao hupewa mchezaji wa mwisho wa upande wa pili aliyekigusa kisahani. Ndiyo maana ukifungua ukurasa wa tarehe 30 Aprili utalikuta jina la Perry Berezan wa Calgary, ambaye alikuwa amekitupa kisahani mbele ili apate kwenda kupumzika, na kilipoingia wavuni alikuwa amekwisha keti kwenye benchi.